Mguu Uliolala

Boksi la friji, nililopewa bure na duka moja la Barani,
ndilo dashibodi yangu.
Vizibo vya soda ni swichi. Mishale ya kasi na mwinuko
nimeichora kwa makaa, na jasho likinidondoka
mwinuko unafutika, nauchora upya:
futi elfu tatu, papa hapa Maweni,
juu ya mkeka.

Usukani ni kifuniko cha sufuria.
Kwa miguu nimeazima cherehani ya shangazi Kache,
maana kanyagio la cherehani, ukilifikiria vizuri,
halivumilii mguu mvivu.
Mwenyewe amesimama kando, shati langu jeupe begani,
pini tatu mdomoni,
anangoja nitue
ili apate kushona kola.

Tsuma, kidato cha pili, ndiye mtahini.
Amevaa miwani ya marehemu baba
na huruma ameiacha mlangoni pamoja na ndara.
Nikinywa uji: "Injini ya kushoto imezima!"
Nikiwa bafuni anagonga bati: "Moto, injini ya kulia!"
Nami najibu humo humo, povu machoni:
shika mwelekeo, panda kwanza, maneno baadaye.
Mguu uliolala ndio injini iliyolala.
Shangazi amelidaka hilo. Sasa anawaambia
wateja wanaomcheleweshea malipo.

Iko kasi moja kwenye njia ya kurukia:
kabla yake unaweza kughairi, ukakanyaga breki,
ukarudi na aibu yako.
Ikishapita, hata injini ikufie, unaruka.
Sisi tuliipita siku mama alipotia dole gumba
kwenye karatasi za shamba la Kakuyuni.
Ekari mbili, minazi arobaini na mmoja,
vikageuka saa mia mbili angani.
Huwa napiga hesabu: mnazi mmoja, karibu saa tano.
Ule uliokuwa karibu na kisima
niliumaliza nikijifunza kutua na upepo wa ubavuni,
na bado sikutua vizuri.

Jana usiku umeme ukakatika.
Tsuma akanimulika usoni kwa tochi ya simu,
akasoma swali la nane:
"Tueleze kosa ulilowahi kufanya kazini."
Hili nalijua. Nimelipiga pasi wiki nzima:
naipenda kazi mno, nasahau kupumzika...
"Hilo si kosa," akasema. "Hiyo ni sifa iliyojitanda kanga ya kosa."
Shangazi akacheka hata pini ikaanguka.

Mimi nilikuwa nimeshafika kwa Ambani,
kijana wa mafuta pale shuleni Nairobi.
Niliikagua ndege mbio mbio asubuhi ile,
kifuniko cha tangi kikabaki kimelegea.
Tukiwa hewani mafuta yakachora mstari juu ya bawa,
mwalimu akauona, tukarudi, tukatua salama.
Akauliza nani alikigusa mwisho.
Kwenye orodha alama ya kukagua ilikuwa yangu.
Nikanyamaza,
na kunyamaza kwangu kukamtazama Ambani.
Alikatwa mshahara wa wiki.

Niliyasema yote gizani, kwa Kiswahili kwanza,
kisha kwa Kiingereza cha marubani, ambacho hakina mahali
pa kuliweka neno aibu.
Tsuma akazima tochi. Hakunipa alama.
Shangazi akatoa pini mdomoni, moja, ya pili:
"Na hela ya yule kijana?"

Swali hilo halikuwamo katika yale thelathini.

Leo alfajiri nimetuma elfu nne na mia mbili
kwa namba ya zamani. Jina lililotokea ni lake.
Hajajibu. Huenda asijibu.
Kesho kutwa, saa nne kamili,
mashine isiyoruka, iliyofungiwa chumbani,
itaniuliza kama najua kuruka,
na watu watatu mezani wataniuliza mengine.

Shati limekwisha. Kola imesimama.
Tsuma anapita na ndoo ya maji, hata hanitazami:
"Injini ya kushoto!"
Mguu wangu wa kulia, chini ya meza ya chai,
umeshakanyaga.